Gari la milioni 4.7 lililofika milioni 17 na nusu

Nyumbani kwetu kitu cha pesa ndefu ni kile ambacho mshahara wa mwezi mmoja hauwezi kukinunua, na kikikuharibikia hakuna duka la kukirudisha. Kwa fundi wangu wa nguo ni cherehani ya kudarizi. Kwa kijana wa bodaboda anayewapeleka wanangu shule ni pikipiki yenyewe. Kwetu sisi, walimu wawili wa Kibaha wenye watoto watatu, mwaka 2023 kilikuwa gari. Tuliliagiza Japani, tukalilipia, tukalisubiri, tukalitoa bandarini. Tangu lifike, kila mwalimu mwenzangu anayefikiria kununua lake ananifuata kuniuliza, na kwa kuwa maswali ni yaleyale, nimeona niandike yote mara moja, pamoja na hesabu zake, bila kuficha kitu.

Kwanza sababu, maana sababu ndiyo iliyotulinda na mengi. Mwanetu wa pili ana selimundu (sickle cell). Mwenye mtoto wa namna hiyo anajua usiku unavyoweza kubadilika: mtoto amelala vizuri, saa nane analia mgongo na miguu, na wewe unatafuta usafiri huku umemfunika blanketi. Hospitali ya Tumbi si mbali, bodaboda inafika. Lakini kliniki yake ni Muhimbili, na kumpandisha mtoto mwenye maumivu kwenye daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi, ni jambo ambalo mzazi hapaswi kulizoea. Kwa hiyo tulipokaa mezani mimi na mume wangu hatukuwa tunajadili gari zuri. Tulikuwa tunajadili gari la kuaminika, lenye kiti cha nyuma ambacho mtoto anaweza kulala, linalotengenezeka hapa hapa Maili Moja.

Fedha zilitoka sehemu tatu. Tulikuwa na akiba, mgao wangu wa kikoba, na mkopo wa SACCOS ambao kwetu unatolewa hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Tuliandika kwenye daftari kiasi ambacho tusingekivuka hata kwa shilingi moja: milioni 18. Nawashauri muandike kiwango chenu kabla hamjaanza kuangalia picha za magari. Ukishaanza kuangalia picha, kila siku kuna gari zuri zaidi kwa nyongeza ya laki tano tu, na laki tano zikijirudia mara sita tayari umeongeza milioni 3.

Tulianzia hapa hapa nchini. Kuna gari la mkononi lilitangazwa na dalali pale Kimara, namba D, likiwa limeng'arishwa mpaka matairi yamepakwa dawa. Bei ilikuwa inavutia. Mwenye gari akatuambia, "Mama, hili ni kupanda na kuondoka, halina shida hata moja." Mimi nilishaanza kulipenda. Mume wangu akasisitiza aje fundi wetu kutoka Kibaha, tukamlipia nauli na shilingi 50,000 ya kazi.

Fundi hakuanza na injini. Alifungua buti, akainua zulia, akatoa tairi la akiba, akapiga magoti na kupitisha vidole kwenye bati la chini. Pale bati linapotakiwa kuwa laini lilikuwa na mikunjo, na kwenye ukingo kulikuwa na mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi juu yake. Akaenda mbele, akatuonyesha nati za mabawa, yale mabati ya juu ya matairi ya mbele: rangi yake imekwaruzwa na spana, maana yake mabawa yalishafunguliwa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akaifuta kwenye kitambaa cheupe na kuinusa, kisha akanipa mimi niinuse. Ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hili lilipigwa nyuma, wakalinyoosha. Na giaboksi yake inaomba kupumzika." Tulimshukuru mwenye gari, tukaondoka. Katika fedha zote tulizotumia kwenye safari hii, hiyo 50,000 ya fundi ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Niseme kidogo kuhusu hizi namba, kwa sababu zinawachanganya wengi. Herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho kwenye kibao inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania katika kipindi gani. Haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari lenye namba E linaweza kuwa la mwaka 2003 lililoingia nchini juzi, na la namba C likawa limetengenezwa mwaka huohuo 2003, ila limeshatumika kwenye barabara zetu miaka kumi zaidi. Mtu akikuambia "ni namba E, bado bichi", muulize mwaka wa kutengenezwa, kisha angalia kadi ya gari kwa macho yako.

Baada ya hapo tukaamua kuagiza. Niliwahi kujiuliza kwa nini magari ya Wajapani yanauzwa bei ndogo vile wakati bado yanatembea vizuri. Sababu zipo na zinaeleweka. Kule kila gari lazima lipitishwe kwenye ukaguzi wa serikali wanaouita shaken, miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake ni gharama. Gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Mwenye gari anaona afadhali aliuze mnadani anunue lingine. Nao wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo gari lao linatufaa bila kubadilishwa kitu.

Hapa ndipo kwenye bei, na hapa ndipo watu wanapoumia. Gari tulilolipenda lilikuwa Toyota IST ya mwaka 2005, na kwenye simu liliandikwa dola 1,900. Kwa kiwango cha dola cha siku ile benki, ni kama milioni 4.7. Shemeji yangu alipoiona akapiga makofi, akasema na yeye anaagiza wiki ijayo. Lakini chini ya ile bei kulikuwa na herufi tatu ndogo: FOB. Bei ya FOB ni sawa na bei ya mahindi yakiwa bado shambani Rukwa. Mpaka ule ugali Dar es Salaam kuna mengi katikati. FOB ni gari likiwa limepakiwa melini kule Japani, basi. Bei inayohesabika kwako ni CIF, yaani gari, pamoja na usafiri wa meli na bima ya safari hadi bandari ya Dar es Salaam. CIF ya gari letu ilikuwa kama dola 2,950. Tayari 4.7 imekuwa milioni 7.3, na mtu wa kodi hajatajwa.

Kodi tuliikokotoa wenyewe kabla ya kulipa chochote. Mamlaka ya Mapato (TRA) wana kikokotoo cha magari kwenye tovuti yao: unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakuletea thamani wanayoitambua wao na kodi yote. Zingatia kwamba wana thamani yao wenyewe. Ankara ya muuzaji ikiwa ndogo kuliko thamani hiyo, haikusaidii. Wale wanaoahidiwa na muuzaji kwamba "tutakuandikia bei ndogo kwenye ankara" wanauziwa maneno, na wanajiingiza kwenye kosa.

Nataka uelewe hesabu yenyewe inavyokwenda, kwa sababu ukiielewa utachagua gari kwa akili nyingine kabisa. Chukua thamani ya CIF kuwa shilingi 100. Ushuru wa forodha ni 25%, unafika 125. Ushuru wa bidhaa unatozwa juu ya hiyo 125 kulingana na injini: hadi cc 1000 ni sifuri, kuanzia hapo hadi cc 2000 ni 5%, na zaidi ya cc 2000 ni 10%. Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa magari ya kutembelea: likiwa na miaka 8 hadi 10 ni 15%, likizidi miaka 10 ni 30%, nao unatozwa juu ya hiyo hiyo 125. Ukishajumlisha vyote, VAT ya 18% inatozwa juu ya jumla. Kwa IST ya 2005, ambayo injini yake ni kati ya cc 1000 na 2000 na imezidi miaka 10, ile 100 inazaa kodi ya 99 na ushei. Kodi inalingana na gari! Na bado kuna tozo ya maendeleo ya reli, ada ya forodha na gharama za usajili.

Sasa linganisha. Gari la injini kama hiyo lenye miaka 8 hadi 10, kodi yake kwenye 100 ni 77. Likiwa na miaka chini ya 8, ni karibu 55. Likiwa chini ya miaka 8 na injini haifiki cc 1000, ni 47 na nusu. Ndiyo maana Toyota Passo ya cc 996 inapendwa na wenye kuhesabu. Asilimia ndogo lakini isikudanganye, kwa sababu gari jipya zaidi linaanza na thamani kubwa, na 55 ya dola 6,000 ni nyingi kuliko 99 ya dola 2,950. Kaa na kikokotoo, jaribu magari manne au matano, andika shilingi kamili. Tena, umri unahesabiwa kutoka mwaka wa kutengenezwa. Matangazo mengi huonyesha mwaka wa usajili kule Japani, na miezi michache tu kati ya hiyo miwili inaweza kulitoa gari kwenye 15% kulipeleka kwenye 30%. (Wenzetu wa Kenya wao wamefunga mlango kabisa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo ushauri wa jamaa yako wa Nairobi hautakufaa hapa.)

Tulibaki na IST kwa sababu ya fundi. Injini yake inatumia cheni badala ya mkanda, giaboksi ya toleo la kwanza ni ya gia nne ya kawaida ambayo kila fundi anaijua, na spea zake ziko Kariakoo na hata Maili Moja. Toleo la pili, lililoanza 2007, lina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo inataka oili yake maalumu. Fundi akikuwekea oili ya kawaida kwa mazoea, hiyo giaboksi imekwenda. Kabla ya kupenda sura ya gari, muulize fundi wako ameshafungua mangapi ya aina hiyo.

Muuzaji tuliyempata alitutumia karatasi ya mnada. Usikubali kulipia gari la mnadani bila karatasi hiyo, hata kama picha ni arobaini na zote zinang'aa. Ina alama ya jumla: 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida kwa umri wake, R au RA maana yake lilishapata ajali likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari wenye herufi kila mahali. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kuna gari tuliloliacha kwa sababu ya S na C chini ya bodi. Magari ya maeneo ya theluji kama Hokkaido hutembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo inamaliza bati kutoka chini ambako picha hazifiki. Muombe muuzaji picha za chini, naye akisitasita, endelea mbele.

Siku ya kulipa karibu tuingizwe mjini. Tulikuwa tumeshapokea ankara yenye akaunti ya kampuni benki ya Japani. Usiku wake ikaja barua pepe nyingine, yenye nembo ileile, jina lilelile la mhudumu, ikisema akaunti yao iko kwenye ukaguzi na tulipie akaunti nyingine, iliyokuwa nchi nyingine kabisa. Mume wangu ndiye aliyeona kwamba anwani ya barua ile ilikuwa na herufi moja imezidi. Tulipiga simu kwa namba ya kampuni tuliyokuwa nayo tangu mwanzo, wakatuambia hawajabadilisha kitu. Nilikaa kitandani nikitetemeka, maana ile ilikuwa akiba yetu ya miaka. Sheria niliyojiwekea tangu siku ile: akaunti iwe kwa jina la kampuni, iwe nchini ambako kampuni ipo, na mabadiliko yoyote yathibitishwe kwa sauti kwa namba ya simu ambayo haikutoka kwenye barua hiyo. Kuhusu kampuni yenyewe, Japani kuna chama cha kampuni zinazouza nje ya nchi magari yaliyotumika, kinachoitwa JUMVEA, na wanachama wake wameorodheshwa. Anzia huko.

Tulilipa kwa TT, yaani kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki yetu hadi benki ya muuzaji. Kipindi kile, 2023, dola zilikuwa adimu nchini, benki ikatuweka kwenye foleni, na kila siku iliyopita shilingi ilikuwa inashuka kidogo. Ukipanga bajeti ya kitu kinachouzwa kwa dola, acha nafasi ya angalau 5% kwa ajili hiyo. Sisi tuliiacha, na ikatumika yote.

Kisha kukawa kimya. Meli kutoka Japani inachukua zaidi ya mwezi, wakati mwingine inakaribia miwili, kutegemea inapita bandari zipi. Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni hili: SACCOS walianza kukata mwezi uliofuata, gari likiwa baharini. Tulikuwa tunalipia mkopo wa gari huku tukipanda daladala. Mshahara ulipungua kabla hatujaona faida yoyote, na mle ndani ya nyumba hali ilikuwa nzito. Tulinuniana kwa vitu vidogo, sukari, umeme wa luku, viatu vya shule. Kama unakopa, tenga makato ya miezi mitatu ya mwanzo kutoka kwenye akiba na uyaweke pembeni. Ugomvi mwingi wa wanandoa juu ya manunuzi makubwa hutokea katika miezi hii ya kusubiri, gari lenyewe likiwa halina hatia.

Karatasi zilipofika kwa kampuni ya usafirishaji wa vifurushi tukakuta jina la mume wangu kwenye BL, ile hati ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani, limekosewa herufi mbili, halilingani na TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi. Muuzaji aliandika vibaya ingawa tulimpa nakala ya kitambulisho. Marekebisho yakachukua muda, meli ikafika, gari likashushwa, na siku za bure za bandarini zikaisha karatasi zikiwa bado zinashughulikiwa. Kila siku inayozidi ina tozo yake. Kwa hiyo muombe muuzaji akutumie rasimu ya BL kabla haijatolewa rasmi, usome herufi kwa herufi: jina kama lilivyo kwenye TIN, namba ya chesisi, mwaka. Kwa IST namba ya chesisi ikianza na NCP60 ni injini ya cc 1300, NCP61 ni cc 1500. Kama ankara inasema kingine, simamisha kila kitu mpaka ijulikane.

Wakala wa forodha tulimchagua kabla meli haijafika, na tulimwomba mchanganuo wa maandishi, kila gharama kwenye mstari wake: kodi za TRA, tozo za bandari, malipo ya wakala wa meli, ukaguzi wa Shirika la Viwango (TBS), usajili na vibao, na ujira wake. Wakala anayekupa jumla moja ya mdomo anaacha mlango wazi. Kodi tulilipa wenyewe kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kutoka akaunti yetu. Hatukumpa mtu milioni 7 mkononi, na sioni sababu ya yeyote kufanya hivyo siku hizi.

Gari likatoka. Tulipoliwasha mara ya kwanza, sauti ya mwanamke ikazungumza Kijapani kutoka chini ya dashibodi, kwa adabu sana. Watoto walifurahi wakadhani gari linawasalimia. Fundi akatueleza kwamba ni kifaa cha malipo ya barabara za kule, kinakumbusha kwamba kadi haijawekwa. Redio nayo haikushika karibu stesheni yoyote, kwa kuwa redio za Japani za wakati ule huishia masafa ya 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Kuna kifaa kidogo cha kurekebisha hilo Kariakoo, au unabadilisha redio. Hayo ni madogo. Kubwa ni matairi: angalia zile tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Yetu yalikuwa na kashata nzuri lakini yalisoma 3513, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2013. Mpira wa miaka kumi hauaminiki kwenye lami ya moto ya barabara ya Morogoro, na sisi tunabeba mtoto mgonjwa. Tukabadilisha yote manne, betri, oili ya injini na ya giaboksi, chujio na plagi.

Jumla sasa. CIF milioni 7.3. Kodi zote milioni 7 na nusu hivi. Bandari, wakala wa meli, wakala wa forodha, pamoja na zile siku zilizozidi, milioni 1.2. Gharama za benki kama laki moja. Bima kubwa tulitozwa 3.5% ya thamani pamoja na VAT, ikaja kama laki sita. Matairi na matengenezo ya kwanza laki tisa. Inavuka kidogo milioni 17 na nusu kwa gari ambalo kwenye simu liliandikwa dola 1,900. Tulibaki ndani ya milioni 18 yetu kwa sababu tulijua mistari yote hii kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Shemeji yangu nilimpa daftari asome. Aliahirisha, sasa anaweka akiba, na nadhani amefanya vizuri.

Baada ya hapo kuna kulilisha. Mwaka ule petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bajeti ya mafuta tunaipanga jioni ya siku hiyo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na fidia yake ikaingizwa kwenye mafuta, hivyo unailipa kadiri unavyotembea. Tunatenga pia kiasi kila mwezi cha bushi, shokapu na huduma ya oili, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Wanaouza gari ndani ya mwaka wa kwanza mara nyingi wameshindwa hapa, baada ya kuvuka salama kote kule.

Na kuna ndugu. Gari likifika nyumbani kwa mwalimu, habari inafika mpaka kijijini. Kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna anayetaka kujifunzia. Tulikubaliana jambo moja na tukamweleza mama mkwe kwa heshima, yeye akawaeleza wengine: gari halitoki bila mmoja wetu kuendesha, na tenki haliruhusiwi kushuka chini ya nusu usiku. Hilo la nusu tenki ni la mtoto. Mama mkwe alilielewa haraka kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nasi usiku mmoja tukisubiri usafiri kwenye mvua. Tangu gari lifike tumeshamwahisha hospitali usiku akiwa amelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, na sikuwa nahesabu fedha wala dakika. Niliona lile deni la SACCOS linastahili.

Wengi wananiuliza mwishoni: mwalimu, niagize au ninunue yadi? Kama una haraka, au mkopo wako unaanza kukatwa mara moja na huna cha kukushikilia miezi mitatu, nunua hapa, nenda na fundi wako mwenyewe, angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na mkabadilishe umiliki TRA kabla hujamaliza kulipa fedha yote. Kama unaweza kusubiri, na umeshakokotoa ukaona jumla yako ya mwisho iko chini ya bei ya yadi kwa milioni moja na nusu au zaidi, agiza. Ikiwa tofauti ni laki chache tu, nenda yadi: utaligusa gari, utaliendesha, na hutalala ukiwaza meli.